Ubani kwa Mama wa Kapiz

Dubai Investments Park,
14 Januari 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo nyingi. Masikio yako yaendeleaje? Juzi kwenye simu nilikuuliza habari za goti ukanijibu kuku wametaga, ndipo nikasema basi, turudie karatasi kama watu wa zamani. Barua hii inakuja na Khelef, yule mfanyabiashara wa Deira anayepeleka mizigo Mombasa kila mwezi. Nawe ukijibu mpe yeye. Nisalimie kaka Zein, Mungu amlegezee kifua chake.

Mimi mzima. Kazi ya saluni naipenda. Nachora hina na kutoa nyusi kwa uzi, na madam ameshanisifu mbele ya wateja. Saluni iko Jumeirah Village Circle, na sisi tunalala huku kwenye nyumba ya wafanyakazi. Gari hutuchukua asubuhi na kuturudisha jioni. Chumbani mimi ndiye Mkenya peke yangu, wenzangu wote ni Wafilipino.

Nilidhani tutakaa kama wageni, kumbe hawa watu wana mambo kama yetu. Siku ya mapumziko tukikaa kula, hadithi hazikatiki. Wana jitu la kwenye miti mikubwa linalovuta sigara, wanaliita kapre. Wana vijitu vya kwenye vichuguu, duwende, ambavyo ukivikanyaga mguu unavimba, kwa hiyo wakipita mahali wasipopajua husema "tabi-tabi po", yaani tupisheni wakubwa. Nikawaambia na sisi hatumwagi maji ya moto uani bila bismillahi, tusije tukamwunguza mtoto wa jini. Walifurahi, wakanisogezea sahani.

Lakini anayewatisha kuliko wote ni aswang. Mchana ni mwanamke kama wewe na mimi, mpole, jirani mwema. Giza likiingia hugeuka. Wako wanaokatika kiunoni, miguu ikabaki imesimama pale pale, kiwiliwili kikaota mbawa na kwenda kutafuta mwenye mimba. Hutua juu ya paa na kuteremsha ulimi mwembamba kama uzi mpaka tumboni. Mlio wake ni tik-tik. Ukiusikia kwa nguvu, bado yuko mbali. Ukiusikia hafifu, ndiyo amefika.

Wanasema aswang wote asili yao ni jimbo moja, Kapiz. Sasa sikia. Chumbani tunaye mama mmoja, Nenita, mtengeneza kucha, umri kama wako, naye ni wa Kapiz hasa. Maskini hana makuu. Hutembea na kipampu cha kuvutia dawa ya kifua kwenye mkoba, kile kile kama cha Zein, na hutupikia wali kabla hatujaamka. Lakini Jessa, mwenye mimba yake ya kwanza, hamtazami machoni, kwa sababu kwenye jicho la aswang utajiona kichwa chini miguu juu. Hufanya kama mzaha, na Nenita naye hucheka.

Wakaniuliza kama kwetu kuna mahali kama Kapiz. Mama, usinikasirikie, nikawapa Pemba. Niliwapa yote, wanaopaa kwa ungo na wanaofuga misukule, mpaka Jessa akashika mbavu. Sikuwaambia wewe umetoka wapi, wangenitandikia nje ya mlango. Tangu siku hiyo wananiita mtaalamu.

Mwanao,
Mahfudha


Takaungu,
4 Februari 2024

Mwanangu Mahfudha,

Waalaykumu salaam. Barua nimeipata, inanukia manukato ya Khelef kuliko ya mwenye kuiandika. Mimi sijambo, ila goti ndilo lenye amri humu ndani. Kuku kweli wametaga, shida ni kwamba hukuniuliza. Zein hajambo. Kaskazi ya mwaka huu ina vumbi, basi jiko nimelihamishia uani kabisa, maana moshi ukimfikia tu anaanza kuhema kama aliyefukuzwa na mbwa.

Nimeisoma Pemba yako. Miaka yote niliyokaa Wete sikujua kwamba tunapaa. Ningejua nisingehangaika na nauli ya kuja kuolewa na marehemu babako. Umesimulia vizuri.

Huyo Nenita mwulize anakunywa nini kwa kifua chake, umwambie tangawizi na asali zimemsaidia kakako. Na ukizungumza naye mtazame machoni. Mtu mzima asiyetazamwa machoni anajua, hata akicheka.

Kula vizuri, na swala usiache.

Mamako


Dubai Investments Park,
3 Machi 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema inayokuja. Natumai goti limetulia na Zein anapumua vizuri. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio haujatulia, na naandika upesi nimuwahi Khelef kabla hajafunga mizigo.

Mimba ya Jessa imetoka. Alianza kuumwa akiwa kazini, akapelekwa hospitali, akarudi mikono mitupu. Mumewe, Andrew, yuko Abu Dhabi; alikuja akakaa naye kidogo, kisha kazi ikamwita. Kilio cha humu chumbani, mama, usiombe kukisikia. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba wiki ile Nenita alimkanda Jessa kwa mafuta. Ni kweli alimkanda, na Jessa mwenyewe ndiye aliyemwomba, mgongo ulikuwa unamuuma. Lakini ikishaanza kukumbukwa, kila mtu ana lake. Mwingine akasema amesikia tik-tik dirishani. Mimi najua hilo ni bomba la kiyoyozi linalodondosha maji, ila nilinyamaza, maana na mimi woga ulikuwa umeniingia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Wakanigeukia mimi. Jessa alinishika mkono akaniomba niwasaidie wajue ukweli, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na mambo haya nayaelewa. Nikakumbuka kwetu mtu akishukiwa hufukizwa ubani. Kama kitu kimo ndani yake hakivumilii, kitatoka mbio. Ubani ule ulionifungashia ulikuwa bado upo. Alasiri ya siku ya mapumziko nikaazima chetezo kwa Wasomali wa chumba cha jirani, tukafunga madirisha na mlango, nikafukiza huku nasoma sura ninazozijua. Nenita alikuwa amekaa kitandani kwake anashona. Alituuliza tunafanya nini, hakuna aliyemjibu. Moshi ulipojaa akaanza kukohoa, akasimama, akauparamia mlango, akatoka peku mpaka kwenye ngazi. Wenzangu wote wakapiga ishara ya msalaba.

Habari zikamfikia madam. Madam hana habari na mizimu, ila alisema khalas, hataki fujo kwenye nyumba yake, na wasichana wote hawawezi kuwa wabaya mmoja akawa mzuri. Nenita ameambiwa ahame na kazini asimame kwanza. Mambo yasipobadilika, mwisho wa Mei viza yake inafutwa. Amekwenda kwa watu wa kwao huko Silicon Oasis. Jessa sasa anapata usingizi. Wenzangu wananiheshimu, hata gari likija naachiwa kiti cha mbele.

Niombee dua, naogopa asije akanirudia. Na tafadhali niletee ubani mwingine kwa mkono wa Khelef, ule umekwisha.

Mwanao,
Mahfudha


Takaungu,
28 Machi 2024

Mahfudha,

Salaam alaykum. Niko hai, na goti liko. Nakuandikia nimefunga, kwa hivyo nitajizuia.

Ubani sileti.

Ulinieleza kwa mkono wako mwenyewe kwamba yule mama ana kipampu kama cha kakako. Umekua ndani ya nyumba moja na Zein. Unajua moshi wa chapati tu humfanya nini. Ukafunga madirisha, ukafukiza, mtu mwenye pumu akakimbilia hewa, ukasema kitu kimetoka. Hukujua, au hukutaka kujua? Usinijibu upesi. Kaa nalo kwanza.

Unaniandikia lisemwalo lipo. Methali hiyo mimi nilisomewa mlangoni pangu. Ulikuwa mdogo, hujaanza chuo cha Kurani. Mtoto wa jirani, aliyezoea kulala mgongoni kwangu mamake akienda kuteka maji, alishikwa na homa akafa. Nilipika pilau sufuria nzima nikapeleka matangani, kama afanyavyo kila mtu. Wanawake walinipisha nikaketi. Hakuna aliyefunua kifuniko. Nilimwona mmoja akimvuta mwanawe kwa kanga asipite karibu yangu. Yalipokwisha nikaibeba sufuria yangu ilivyo, nzito vile vile, nikapita nayo mbele ya mtaa mzima. Nyinyi mlifurahi, mwanangu. Mlikula mkashiba, mkaniuliza kama kesho kuna matanga tena. Sikuwaambia kitu, kwa sababu niliona aibu kana kwamba kweli nimefanya.

Siku ile hakuna aliyeniuliza neno. Walijua nimetoka Pemba, ikatosha. Na sasa nimejua kwamba mwanangu mwenyewe akiulizwa na watu, huwapa Pemba wacheke.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Futari inaniita.

Mamako


Dubai Investments Park,
21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai Idi ilipita salama na mlikula vizuri. Barua yako ilinifika siku mbili kabla, na nguo mpya niliyonunua sikuivaa. Hapo juu nilikuwa nimeandika "mpenzi" nikalikata, maana sijui kama bado nina haki nalo.

Ulinambia nisijibu upesi. Nimekaa nalo, na jibu ni kwamba nilijua. Nilipokuwa nawasha makaa nilikuwa nawaza sifa tu. Lakini alipokohoa mara ya kwanza nilikijua kile kikohozi, ni cha Zein. Mkoba wake ulikuwa umetundikwa mwisho wa kitanda, na mimi na chetezo tulikuwa katikati. Aliunyooshea mkono. Nilimwona. Ningesogea kidogo tu angeufikia. Sikusogea, mama, kwa sababu wote walikuwa wanatazama na jambo lilikuwa linatimia kama nilivyowaahidi. Ndipo alipokimbilia mlango. Nimeandika sentensi hizi huku uso unaniwaka, na hakuna mtu hapa anayeniona.

Nimekwenda Silicon Oasis. Analala kwenye chumba kilichogawanywa kwa mapazia, anawapikia wenzake wanaokwenda kazini. Nilimchukulia tende na asali. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanitazama machoni, mimi ndiye niliyeshindwa. Nikamwambia nisamehe. Akaniuliza msamaha wa nini hasa, nikalazimika kusema yote, na la mkoba pia. Nilitamani anitukane. Kisha akaniambia kwamba huko Kapiz kwenyewe yeye hakuwahi kuwa aswang; kwao watu wanafuga samaki na kuuza chaza. Uaswang ulimwanzia siku aliyoshuka Manila kutafuta kazi, akaulizwa kwao wapi akasema. Umemfuata mpaka huku.

Nilipotaka kuondoka alinishika mkono. "Hapa tuko wawili tu, msamaha wako haunifai kitu," alisema. "Moshi uliuwasha mbele ya watu. Nenda ukauzime mbele ya watu."

Anataka kurudi kazini. Madam amemwambia wasichana wakikubali kulala naye chumba kimoja atamrudisha, la sivyo mwisho wa Mei ni ule ule. Na wasichana watanisikiliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaaminisha. Lakini nikiwaambia Kapiz ni uzushi wataniuliza, na Pemba je? Nikisema mamangu ni wa huko, Jessa atakumbuka kila chai niliyomchemshia akiwa na mimba. Nitakuwa Nenita mimi.

Nipe radhi yako kwanza, mama. Nikiwa nayo nitajua la kufanya. Nangoja neno lako.

Mwanao,
Mahfudha


Takaungu,
19 Mei 2024

Mwanangu Mahfudha,

Waalaykumu salaam. Sisi wazima. Zein amepata dawa mpya na anapanda ngazi bila kupumzika. Barua yako imekawia. Mzigo wa Khelef ulizuiliwa bandarini na karatasi zikazuiliwa nao. Nimeipata juzi, na hii simpi yeye. Nampa Khairunisa, binti wa Ubeid, anayepanda ndege wiki hii, ili ikufikie ingali na faida.

Radhi yangu unayo. Hujawahi kuikosa, hata siku ile niliyokuandikia na njaa yangu. Lakini unaniomba mimi kilicho cha mwenzangu. Radhi ya mama yule mimi sina. Iko kwake, na njia ya kuifikia ameshakuonyesha kwa kidole.

Umeniuliza la kufanya na huku umeshaambiwa. Ulikuwa unangoja nini? Simu unayo, mdomo unao, na chumba kimoja mnalala. Nisingekuwapo duniani, ungengoja barua ya nani? Naogopa kusema ninachofikiri, lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Nafikiri ulikuwa unangoja Mei iishe.

Waambie mamako katoka wapi, na usiseme kwa kucheka. Wakikukimbia, mimi nimekimbiwa, na leo hao hao waliofunga milango hutuma watu kununua mikate yangu. Hawakuniomba radhi hata mmoja. Kila nikiwapimia mkate nawaza ingewagharimu nini kusema neno moja, na mama huyo wa Kapiz naye atawaza hivyo hivyo juu yako mpaka afe. Nenda leo, mwanangu.

Mamako


Dubai Investments Park,
23 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mlichinja salama, na kwamba Zein anaendelea na zile ngazi zake. Mimi nina afya.

Hili naliandika mwanzo ili nisipate pa kujificha: barua yako ilifika mapema. Khairunisa aliniletea mpaka mlangoni, na Mei ilikuwa haijaisha. Niliisoma, nikaikunja, nikajiambia nitasema siku ya mapumziko wote wakiwepo. Siku hiyo ilipofika Jessa alikuwa na furaha, Andrew amepata kazi Dubai, nikajiambia nisimharibie. Nikaahirisha mpaka mapumziko ya wiki iliyofuata. Ulifikiri sawasawa, mama. Unanijua kuliko nilivyotaka.

Wiki iliyofuata nilisema. Tulikuwa tumekaa chini tunakula. Niliwaambia, "Mama yangu ni Mpemba. Amezaliwa Wete, na mimi niliwachekesha kwa watu wangu mwenyewe." Nikawaambia na la kipampu, na la mkoba, na mahali nilipokuwa nimesimama. Nikafungua dirisha wasikie bomba la kiyoyozi linavyodondosha. Hakuna aliyecheka. Jessa aliinuka na kikombe cha chai niliyokuwa nimemmiminia, akakimwaga kwenye sinki taratibu, akakiosha. Aliporudi hakukaa.

"Basi mtoto wangu alikufa kwa nini?" akaniuliza.

Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo, na mimi badala ya kulia naye nilimpa mtu wa kumchukia. Nilimwambia sijui, na kwamba hata daktari hakujua. Alilia sana. Alipotulia akasema Nenita na arudi, na wengine wakaitikia. Nikampigia madam pale pale.

Madam alisema viza ilishafutwa, na Nenita alikuwa ameruka siku iliyotangulia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniuliza kama namjua mtu mwingine anayejua kucha.

Kitanda chake sasa amepewa Teopista kutoka Uganda, msichana mchangamfu, tunaongea Kiswahili. Siku ya pili wenzangu walimweleza mambo yangu. Akanijia kuniuliza kama ni kweli mama yangu ni wa kule. Nikamwambia ndiyo, ni wa Wete. Aliitikia kwa adabu, kisha akageuza mto wake ili kichwa kiwe upande wa mlango. Sikumlaumu. Jessa huwa ananisalimia, ila chai yangu hanywi.

Nenita nimemwandikia kwenye simu. Nilimweleza kwamba nilisema mbele yao wote, na kwamba nilichelewa kwa kutaka kwangu, si kwa barua wala kwa mtu. Sikuweka udhuru. Alama zile mbili zikageuka buluu kabla sijaiweka simu chini, kwa hiyo najua amesoma. Hajajibu. Kila asubuhi naangalia, halafu navaa nakwenda kazini.

Mwanao wa Pemba,
Mahfudha